Fimbo Iliyochelewa Kufika

Wearyall Hill wanauita mlima, lakini mtu wa Lushoto angeuita tuta. Umelala pembeni mwa mji mdogo wa Glastonbury, katika kaunti ya Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza. Niliupanda asubuhi moja ya Desemba, upepo ukipenya mpaka mbavuni, kioo cha kukuzia kikiwa mfukoni. Nilikuwa nimekuja kuuona mti mmoja wa miiba ambao, kwa masimulizi, huchanua sikukuu ya Krismasi wakati miti mingine yote imebaki mifupa. Kileleni nilikuta nyasi zilizolowa na kondoo. Mti haukuwepo. Ulikwenda wapi?

Shemeji, aliyenileta kwa gari kutoka Bristol anakofanya kazi ya uuguzi, alibaki chini amewasha hita. Nilikuwa nakaa kwake na dada mwaka ule kwa ajili ya masomo, na alikwishazoea vituko vyangu. Akaniuliza kwa upole wa mtu anayezuia kicheko: "Shemeji, umetoka Tanga mpaka huku kutafuta mti wa miiba? Kwani Handeni imekwisha?" Handeni ina migunga ya kutosha kuizungushia dunia. Ila hakuna mgunga wa Handeni unaodaiwa kuwa fimbo ya mtu aliyemzika Yesu. Na kama dai hilo lina chembe ya ukweli, basi mti wa Glastonbury si mzaliwa wa Uingereza. Ni mwenyeji, au ni mgeni?

Hadithi inavyosimuliwa leo ni hii. Yusufu wa Arimathaya, yule tajiri aliyeuomba mwili wa Yesu na kuuweka katika kaburi lake, alisafiri hadi Uingereza. Alipofika Glastonbury, yeye na wenzake walikuwa hoi. Ndiyo maana, wanasema, mlima ukaitwa Wearyall, yaani "tumechoka sote". Akachomeka fimbo yake ardhini. Ikatoa mizizi, ikachipua, ikawa mti unaochanua mara mbili kwa mwaka: Mei pamoja na wenzake, kisha Krismasi peke yake. Hadithi tamu. Sina ugomvi na muujiza, maana muujiza hauombi kibali kwa mtaalamu wa mimea. Nilichokitaka ni kidogo zaidi. Mti huu ni spishi gani, na nani wa kwanza kuitaja hiyo fimbo?

Habari za mti wa kilimani nilizipata upesi, na hazikuwa za kale. Ulipandwa 1951. Usiku mmoja wa Desemba 2010 watu wasiojulikana waliukata matawi yote, ukabaki gogo. Mwaka 2012 ulipandwa mche mpya. Haukumaliza mwezi, nao ukavunjwa. Mwaka 2019 gogo likaondolewa kabisa. Kwa hiyo hata kama ningewahi, ningeukuta mti wa rika la baba yangu. Huo wa 1951 ulitokana na upi, na huo mwingine ukatokana na upi?

Masimulizi yanasema mti wa kale ulikatwa na kuchomwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, katika miaka ya 1640, na askari waliouona kuwa ni ushirikina. Lipo toleo linalodai kibanzi kiliruka kikampofoa aliyeshika shoka. Toleo hilo ninalitilia shaka, kwa kuwa adhabu ya namna hiyo husimuliwa juu ya kila mti mtakatifu niliopata kuusikia, mibuyu ya kwetu ikiwemo. Sehemu nyingine naikubali: kabla ya shoka, watu wa mji walikwishachukua vikonyo na kuvibebesha kwenye mashina mengine, kama tunavyobebesha miembe na michungwa. Na mti wa kubebesha ni mwili uleule wa mama yake, si mtoto. Basi shahidi wangu hakufa kilimani. Alikuwa bado anaota mjini, dakika chache kwa miguu. Angekubali kuhojiwa?

Uwanjani mwa Kanisa la Mtakatifu Yohana mti upo. Ni mfupi, umejikunja kama mzee anayeota jua nje ya nyumba, na Desemba ile matawini mwake kulikuwa na vishada vichache vya maua meupe. Nakiri nilisimama kimya. Mzee mmoja aliyepita na mbwa wake akaniambia, bila kuulizwa, kwamba kila mwaka tawi lake hukatwa likapelekwa kwa mfalme kwa ajili ya Krismasi. Hilo ni kweli. Desturi hiyo ya kale ilifufuliwa 1929. Akaongeza kwamba mti wa aina hii haukupata kuota mahali pengine ila Glastonbury. Hilo nililiandika na kuliwekea alama ya kuuliza. Mti usio na mwenziwe duniani, jamaa zake wa damu ni akina nani?

Nilianza na mwiba, kwa sababu mwiba hausubiri msimu. Mgunga wa kwetu hutoa miiba miwili miwili kwenye tako la jani, na miiba hiyo ni vijani vya pembeni vilivyokakamaa. Huu ulitoa mmoja mmoja kwapani mwa jani, kama mndimu: kijitawi kilichokatishwa safari, urefu wa sentimita moja au mbili. Gome lilikuwa la kijivu, na nyufa zake zilionyesha rangi ya kutu ndani. Yote yalielekeza kwenye jenasi ya Crataegus, ya familia moja na waridi, tofaa na peasi. Waingereza huuita hothoni. Nami nitauita mhothoni, kwa kuwa Kiswahili hakijapata sababu ya kuupa jina. Lakini jenasi ni ukoo tu. Ili nijue ni mtu gani katika ukoo, nilihitaji kutazama ndani ya ua, na maua yaliyokuwa karibu nami yalikuwa yameungua kwa baridi. Sehemu niliyotaka kuihesabu ilikuwa imesinyaa, vidole vimekufa ganzi, na sikuwa tayari kuchuma mti wa watu. Nikarudi garini mikono mitupu. Ni kitu gani hasa nilikuwa nakitafuta ndani ya ua dogo kiasi kile?

Uingereza ina mihothoni miwili tu ya asili. Wa kwanza, ulioenea karibu kila mahali, ni Crataegus monogyna. Jina hilo la pili ni la Kigiriki, na ukilitafsiri unapata "mke mmoja": katikati ya ua mna mrija mmoja tu wa kike wa kupokea chavua, na baadaye ndani ya tunda mna kokwa moja. Jani lake ni dogo na limechanwa sana, mikato ikivuka nusu ya njia kuelekea mshipa wa kati, kama jani la mpapai lililofinywa na sonara. Ukiligeuza, utaona vishungi vya nywele kwenye kona za mishipa. Petali ni tano, nyeupe. Stameni ni kama 20, vichwa vyake rangi ya waridi. Tunda ni jekundu, lenye ukubwa wa kunazi na tabia ya kunazi: nyama kidogo, kokwa kubwa. Wa pili ni Crataegus laevigata. Huyu ana wake wawili, pengine watatu, na kokwa vivyo hivyo. Jani lake limechanwa juu juu, mikato haifiki nusu. Hupenda kivuli cha misitu ya kale kwenye udongo mfinyanzi, katikati na kusini-mashariki mwa nchi, na huwahi kuchanua kwa wiki moja hivi. Tofauti zao ziko wazi kama hati ya ndoa. Mbona basi zilichanganywa kwa zaidi ya miaka 200?

Mkanganyiko unaanzia katika kitabu kinachoheshimiwa kuliko vyote katika fani hii, Species Plantarum, kilichochapwa Uswidi mwaka 1753. Mwandishi wake aliipanga mimea kwa kuhesabu stameni na mirija ya kike. Mhothoni aliuweka katika fungu la wake wawili, akauita Crataegus oxyacantha. Ila ule unaoonekana kando ya kila shamba la Uingereza una mke mmoja! Mwaka 1775 mtaalamu wa Vienna akautenga huo na kuupa jina lake. Hata hivyo, jina la zamani likaendelea kubandikwa juu ya yote miwili, katika vitabu vya dawa na vya bustani. Karne ya 20 vielelezo vikavu vya kale vilipochunguzwa upya, ikabainika kwamba jina lenyewe linaelekea kwenye spishi ya tatu kabisa, na hatimaye likawekwa kando. Kwa msafiri kama mimi maana yake ni chungu: kila kitabu cha zamani kinachosema mti wa Glastonbury ni oxyacantha hakijaniambia kitu. Nani basi angeniambia?

Tena wawili hao huoana. Machotara wao wanazaa, na wataalamu huwaita Crataegus × media. Mikutano yao iliongezwa na binadamu. Kati ya 1750 na 1850 hivi, mashamba mengi ya wazi ya Uingereza yaligawanywa na kuzungushiwa uzio hai, na mti uliopendwa kwa kazi hiyo ulikuwa mhothoni. Hukua upesi, ukikatwa hushonana zaidi, na ng'ombe hapenyi. Jina lake la Kiingereza cha kale lilimaanisha mwiba wa ua. Hapa Kiswahili kinakishinda Kiingereza kwa ujanja: mti mmoja, ua la kunusa na ua wa kuzungushia. Lakini tuendelee. Chotara anaweza kuwa na ua lenye mrija mmoja na jirani yake lenye miwili, kwenye tawi lilelile. Anayehesabu ua moja akaenda zake amejidanganya. Ningehesabu mangapi, na lini?

Machi shemeji alinitumia picha kwenye simu: kichaka cheupe pe kando ya barabara. "Mti wako huu hapa. Sasa tupumzike." Nilikaribia kumwamini. Nikaikuza picha. Maua yalikuwa yamejaa juu ya matawi meusi yasiyo na jani hata moja, ilhali mhothoni Mei hutoa majani kwanza na maua baadaye. Huo ulikuwa Prunus spinosa, mwiba mweusi, ndugu wa plamu. Tunda lake ni la buluu iliyokoza na hukausha kinywa. Nalo ua lake lina mrija mmoja wa kike, kwa hiyo mwenye haraka anaweza kujiona amefika. Kosa la shemeji lina watangulizi. Desemba 1752, huko Quainton katika kaunti ya Buckinghamshire, watu zaidi ya 2000 walikusanyika usiku na taa na mishumaa kuutazama mti uliosemwa kuwa ni kikonyo cha Glastonbury. Jarida la London lililoitoa habari hiyo linauita waziwazi mwiba mweusi. Likadokeza, kwa kejeli, kwamba nasaba yake ilikumbukwa mwaka ule tu. Kwa nini mwaka ule?

Kwa sababu Septemba 1752 Uingereza ilibadili kalenda. Watu walilala tarehe 2 wakaamka tarehe 14. Siku 11 zikafutika. Krismasi ipi ilikuwa ya kweli, ya serikali au ya mababu? Mti ukafanywa hakimu. Jarida lilelile linasimulia kwamba Glastonbury umati ulifika Desemba 25 ya kalenda mpya, ukakuta mti umenyamaza. Ulipoviziwa Januari 5, Krismasi ya zamani, ukachanua. Ushahidi mzuri, mzuri mno. Nilikuwa karibu kuufunga ukurasa nilipokutana na taarifa nyingine ya zama zilezile: kasisi wa Glastonbury, alipoulizwa, alijibu kwamba maua yalikuwa bora zaidi karibu na Krismasi mpya, au hata kabla yake. Mti mmoja, mashahidi wawili, tarehe mbili. Mimi naelemea kwa kasisi, maana hakuwa na umati wa kuuridhisha. Na mti wenyewe hufuata hali ya hewa, si kalenda: mwaka wa joto huweza kuanza Novemba, mwaka wa baridi kali huchelewa mpaka baada ya Mwaka Mpya. Ikiwa tarehe ya sikukuu haikushikika mbele ya macho ya maelfu, tarehe ya fimbo aliishika nani?

Mei nilirudi peke yangu kwa basi, kwa kuwa shemeji alikuwa zamu na treni haifiki Glastonbury tangu 1966. Njia nzima nyua za mashamba zilikuwa zimevikwa nyeupe. Kwa mbali harufu ni tamu. Ukikaribia, ndani yake mna kitu cha uozo. Kemikali inayohusika, trimethilamini, ndiyo hiyohiyo inayotoka kwa samaki aliyeanza kuharibika, na mtu wa pwani hahitaji maelezo zaidi. Nzi huifuata, na nzi ni miongoni mwa wachavushaji wake. Waingereza wengi wa zamani hawakukubali tawi la maua haya liingie nyumbani, wakisema huleta kifo. Nilifika uwanjani mwa kanisa, nikasogea kwenye matawi yaliyoinama, nikakaza kioo. Ua baada ya ua, kishada baada ya kishada, upande wa jua na upande wa kivuli, bila kuchuma hata petali. Mrija mmoja. Mmoja. Mmoja tena. Majani yamechanwa kupita nusu, na vishungi vya nywele vipo kwenye kona. Nikaketi kwenye benchi. Ni mke mmoja, mti uleule unaozuia ng'ombe katika kila shamba la Somerset. Kesi imekwisha?

Nilipoifungua ramani ya makazi yake ya asili, ilinifungua macho nami. Crataegus monogyna ni mwenyeji wa Uingereza, ni kweli, lakini ni mwenyeji pia wa sehemu kubwa ya Ulaya, ya kaskazini-magharibi mwa Afrika, na ya Asia ya Magharibi. Mwenye kuipenda hadithi ana haki ya kuniambia: Yusufu angeweza kuikata fimbo yake kwao. Milima ya Shamu ina mihothoni kweli. Waarabu huuita zaarur, ingawa unaofahamika zaidi huko ni spishi nyingine, yenye tunda la njano au la rangi ya chungwa. Kuna hata wanaochanganya fimbo hii na taji la miiba. Hilo ni jambo jingine, na mti unaotajwa sana hapo ni wa jenasi moja na mkunazi wa pwani yetu, Ziziphus spina-christi. Mimea ilikuwa imenifikisha mwisho wa uwezo wake. Ilithibitisha kwamba mti huu hauhitaji kutoka ng'ambo ili uwe hapa, lakini haikuweza kuapa kwamba hakuna tawi lililovuka bahari. Karatasi zingeweza?

Karatasi ya kwanza ni historia ya kanisa la Glastonbury iliyoandikwa karne ya 12, kwenye 1130 hivi. Wasomi waliolinganisha nakala zake wanaonyesha kwamba katika maandishi ya awali Yusufu hamo. Aliingizwa na mikono ya baadaye, katikati ya karne ya 13. Kati ya tarehe hizo mbili, mwaka 1184, abasia ya Glastonbury, ya Wabenedikto kama zile za Ndanda na Peramiho, iliteketea kwa moto, ikahitaji mahujaji na sadaka ili isimame tena. Simtuhumu mtu. Naziweka tarehe mezani tu. Lakini hata baada ya Yusufu kuingia, nilipekua nikitafuta mti, na mti haumo. Uliingia lini?

Uliingia 1520. Mwaka huo ulichapwa utenzi wa Kiingereza juu ya maisha ya Yusufu, usio na jina la mtunzi, na humo mti unajitokeza hatimaye. Tena mitatu. Mihothoni mitatu iliyoota Werall, anasema mtunzi, hutoa majani mabichi wakati wa Krismasi kama mingine ifanyavyo Mei. Nisome nawe polepole. Anataja majani, maua hayataji. Anataja mitatu, sisi tumerithi mmoja. Anaandika Werall, tahajia isiyo na uchovu wowote ndani yake, kwa hiyo lile "tumechoka sote" limeshonwa baadaye na mtu mwenye sikio la vichekesho. Na fimbo? Hakuna. Mtunzi aliyekuwa anakusanya kila ajabu ya Yusufu aipange katika beti zake, angeisahau fimbo iliyogeuka mti?

Niliwinda ushahidi wa katikati, na nikapotea. Barua ya 1535, ya mkaguzi wa mfalme aliyekuwa akizungukia nyumba za watawa kabla hazijafungwa, inasema anatuma maua mawili yaliyofungwa kwa hariri nyeupe na nyeusi, yanayodaiwa kuchanua mkesha wa Krismasi saa ileile aliyozaliwa Yesu. Moyo ulinidunda. Kisha nikasoma jina la mahali: Maiden Bradley, kaunti ya Wiltshire. Glastonbury haitajwi, mhothoni hautajwi. Siku tatu zikaenda na maji. Kitabu kinene cha mimea cha 1640, Theatrum Botanicum, kilinifidia kidogo. Kinautaja mhothoni wa Glastonbury unaochanua mara mbili, halafu, bila kelele, kinaeleza kwamba upo pia Romney Marsh, na karibu na Nantwich katika kaunti ya Cheshire. Mzee wa mbwa, samahani. Ama vikonyo vilikwishasafiri, ama badiliko lilelile lilitokea zaidi ya mara moja kwenye mihothoni ya kawaida. Nilizidi kuupata mti. Fimbo ilikuwa bado wapi?

Kwa kadiri maandishi yanavyoonyesha, fimbo inafika mwanzoni mwa karne ya 18, na aliyetajwa kuisimulia ni mwenye nyumba ya wageni ya mjini. Nilirudia sentensi hiyo mara tatu. Mwenye nyumba ya wageni! Mtu ambaye vitanda vyake hujaa kila msafiri anaposikia jambo la kustaajabisha. Hilo halimfanyi mwongo; huenda alisimulia alichopokea kwa bibi yake, na mdomo hutangulia kalamu. Lakini kati yake na utenzi wa 1520 kuna karibu miaka 200. Halafu kuna shina lenyewe. Mhothoni si muhogo, ukachomeka pingili ukasubiri mvua. Vipande vyake ni vigumu kutoa mizizi, ndiyo maana mti huu hubebeshwa. Anayeamini atanijibu kwamba hapo ndipo ulipo muujiza, na sitabishana naye. Ila namuuliza: fimbo ilifanya muujiza huo, ikakaa karne 16 bila kuandikwa na mtu yeyote aliyekula na kulala kwa jina la Yusufu?

Oktoba nilikwenda mara ya mwisho, na safari hii shemeji ndiye aliyeshinikiza. Chini ya mti yalikuwepo matunda yaliyodondoka. Yote ni ya maua ya Mei. Yale ya Desemba ni madogo na hayazai. Tukaokota kumi, tukayapasua kwa kisu juu ya kitambaa. Kokwa moja katika kila tunda, mpaka la kumi. Chotara nikamwondoa kwenye orodha. Hukumu yangu nikaiandika palepale: mti ni mwenyeji, Crataegus monogyna, umbo lake lenye tabia ya kuchanua mara mbili; mgeni ni fimbo, tena iliyokuja kwa kuchelewa. Shemeji hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ameshatia tunda mdomoni. "Kunazi iliyonyimwa sukari," akasema, akaitema kokwa kiganjani, akaifuta na kuitia mfukoni. Akataka kuipanda nyuma ya nyumba yake Bristol. "Nitapata mti wa Krismasi?"

Nikamwambia hapana. Anayeutaka mti ule abebeshe kikonyo chake. Kokwa huota mhothoni wa kawaida, nao huchanua Mei tu.